Pete ya Mzee Mligo

Asubuhi ya Jumatatu Tulizo Chaula aliweka kikombe chake cha uji mezani, akavuta kiti, akaanza kupitia watu wake. Alikuwa nao mia tatu na kumi na wawili, wamesambaa katika vijiji kumi na kimoja vya milimani, na wengi wao hakuwa amewaona kwa macho zaidi ya mara mbili. Aliwajua kwa mawimbi yao.

Kila mmoja alivaa pete. Upande wa ndani wa pete kulikuwa na taa mbili ndogo kuliko punje ya mtama, moja ya kijani na moja nyekundu, na jicho lililotazama mwanga ulivyorudi kutoka kwenye nyama ya kidole. Damu hunywa mwanga. Moyo ukipiga, mishipa hujaa na mwanga unaorudi hupungua. Moyo ukilegea, mishipa nayo hulegea na mwanga huongezeka. Jicho liliandika mabadiliko hayo mara mia kwa sekunde, na huku Njombe mjini, katika chumba cha Kituo cha Mapigo, maandishi yale yaligeuka kuwa mstari wa vilima unaotembea kwenye kioo. Kwa mgeni vilima vyote vilifanana. Tulizo, aliyekuwa na mwaka wa sita kwenye kiti kile, aliweza kufunikiwa jina na bado akakwambia hili ni la nani.

Namba 207 ilikuwa ya Osmundi Mligo wa kijiji cha Ihangalo, miaka themanini na moja, moyo umechoka. Wimbi lake lilikuwa na alama isiyosahaulika: kilima kirefu, kilima kifupi, kirefu, kifupi, kama mtu anayechechemea. Moyo uliodhoofika sana hupiga hivyo. Hujikusanya pigo moja, hushindwa pigo linalofuata.

Kwa siku tisa sasa namba 207 haikuchechemea. Mashine ilikuwa imeweka alama ya kijani na neno *imara*. Wiki iliyopita Tulizo alifurahi, akaandika kwamba dawa mpya imemkubali. Leo alirudisha rekodi nyuma hadi siku ya mabadiliko, akaitazama polepole. Saa moja na dakika nane asubuhi, pete ilipoteza ngozi kwa sekunde arobaini, kama inavyotokea mtu akinawa. Kabla ya sekunde hizo, mzee anachechemea. Baada yake, vilima vimelingana, na nyuma ya kila kilima kuna kinundu kidogo, ambacho mishipa migumu ya mzee haikuwa nacho kwa miaka mingi.

Moyo wa miaka themanini na moja haujifunzi kutembea upya ndani ya sekunde arobaini. Pete ilikuwa kwenye kidole cha mtu mwingine.

Angeishia hapo, jambo lingekuwa jepesi. Lakini aliendelea kutazama, na kwenye siku ya sita akakuta vilima vimevurugika: vitatu vya haraka, kimoja cha mbali, viwili vimepandana, hakuna mpangilio wowote. Dakika kumi na mbili, kisha vikatulia. Siku ya nane, dakika hamsini. Jana, kwa muda wa saa tatu na nusu.

Mashine haikupiga kelele kwa sababu Tulizo mwenyewe aliinyamazisha. Miezi mitatu nyuma pete ya mzee ilikuwa ikiita kila mara kwa mapigo ya hapa na pale ambayo kwake hayakuwa na hatari, naye akazima kengele ya mvurugiko kwa namba 207. Sasa mtu asiyejulikana, asiye kwenye orodha, alikuwa na moyo unaotetema na kugandisha damu ndani yake, na bonge la damu hiyo likiruka kwenda kichwani, basi ni kiharusi. Mtu huyo alikuwa akionyesha ugonjwa wake kwenye kioo cha serikali kwa jina la mwingine.

Daktari Kilasi, mkuu wa kituo, alipita nyuma yake na karatasi za wiki mkononi. "Kuna lolote kwako?"

"Naomba pikipiki, daktari. Kuna mgonjwa nataka nikamwone mwenyewe."

"Ameshuka chini ya mstari?"

"Hapana. Amepanda mno."

Kilasi alicheka, akadhani ni utani, akamsainia pikipiki.

*

Mstari ndio ulioogopwa milimani. Nguvu ya wimbi ikishuka chini yake kwa saa mbili, gari lilitoka mjini lenyewe kumbeba mgonjwa. Hakuna aliyepiga simu, hakuna aliyeulizwa. Sheria iliandikwa hivyo kwa makusudi, kwa kuwa zamani watu waliulizana hadi mgonjwa akakata roho. Mama yake Tulizo alikutwa asubuhi moja amekaa kwenye kigoda jikoni, mwiko mkononi, ameshapoa. Hakuna aliyejua kwamba moyo wake ulikuwa ukimdai kupumzika. Tulizo aliomba kazi ya kituo mwaka uleule pete zilipoanza, na hakuna siku aliyowahi kuona haya kwa kazi hiyo.

Ihangalo ilikuwa na baridi ya Julai, ile inayofanya nyasi zivunjike chini ya kiatu. Nyumba ya Mligo ilikuwa ya matofali, imezungukwa na mipeasi iliyopukutisha majani. Kibarazani mwanamke mwembamba wa miaka kama sitini na nane alikuwa akipukuchua mahindi karibu na jiko la mkaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka mbali na baridi hii?"

"Nimetoka mjini. Naitwa Tulizo. Ni nesi wa pete."

Mkono wa kulia wa bibi uliingia taratibu chini ya khanga. "Babu amelala," alisema. "Anaendelea vizuri sana. Si mnamwona huko huko?"

"Namwona, bibi. Ndiyo maana nimekuja."

Kutoka ndani ilisikika sauti nzito, yenye kukatika. "Filomena. Mlete ndani. Huyo amekwisha jua."

Mzee Osmundi Mligo alikuwa ameketi kitandani badala ya kulala, ameegemezwa mito mitatu na gunia la maharage, kwa sababu akilala chali maji yalimjaa mapafuni. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini. Macho yalikuwa mazima kabisa.

"Utanisamehe siwezi kusimama," alisema. "Umegunduaje? Mimi nilihesabu kila kitu."

"Wewe unachechemea, babu. Bibi hachechemei."

Mzee alitafakari jibu hilo, akainamisha kichwa kwa heshima, kama fundi aliyeonyeshwa kosa na fundi mwenzake. Alikuwa amepanda nguzo za umeme miaka thelathini na moja. Nyaya nyingi za tarafa ile zilipita mikononi mwake. "Chombo chochote kinachopima kina muda wake wa kupepesa," alisema. "Niliivua hii pete siku moja nikaweka saa. Dakika tisa, kimya. Dakika kumi, ikaita. Nikasema, basi, dakika moja inanitosha. Nikamwita mke wangu, nikamwambia apashe mkono kwenye moto kwanza, maana kidole cha baridi mishipa yake inajificha na mwanga hauoni kitu. Kwake ilimkaa kidole gumba."

"Kwa nini, babu?"

"Kaka yangu Gaspari mlimbeba. Sikatai, mlikuja haraka. Akakaa wodini siku arobaini na moja na mpira kooni, mikono imefungwa kwa vitambaa asiung'oe. Nilikwenda kumwona mara mbili. Mara ya pili alitaka kunipa mkono, akashindwa, akalia." Alipumzika kidogo kuvuta pumzi. "Najua ninakufa, mwanangu. Siombi dawa ya hilo. Naomba nife nikiwa nasikia mke wangu anagombana na kuku hapo nje."

Bibi Filomena alikuwa mlangoni, ameinamisha uso.

Tulizo alimpima mzee kila alichoweza kupima. Alimchoma sindano ya kutoa maji mwilini, kisha akasema, "Bibi, naomba unionyeshe pa kunawia."

Nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, aliushika mkono wa bibi na kuweka vidole vitatu juu ya mshipa. Hakuhitaji kioo. Mshipa ulikuwa unaruka ovyo chini ya vidole vyake.

"Bibi, hujisikii chochote kifuani?"

Filomena alitazama pembeni. "Kama kuku anaparapara hivi. Anakuja, anaondoka. Halafu nachoka."

Tulizo alimweleza yote bila kupunguza: damu inayoganda, bonge, kiharusi, na kwamba dawa ya kuzuia ipo na ingefika siku hiyohiyo. "Lakini siwezi kukuagizia bila pete yako mwenyewe, na nikikusajili leo mashine itaona watu wawili wana wimbi moja. Itakataa, na itaita."

"Basi usinisajili."

"Bibi, unaweza kuanguka kesho."

"Naweza. Yeye hana miezi, mwanangu, ana siku. Nikishamzika nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu, univishe pete kumi." Alimshika Tulizo kiwiko. "Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Akijua naumwa ataivaa pete yake palepale, nao watakuja kumbeba. Namjua. Nimekaa naye miaka arobaini na sita."

Tulizo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijiona amefika mahali ambapo kila mlango una mtu nyuma yake. Akitoa taarifa, mzee anafungwa vitambaa mikononi. Akinyamaza, huyu mama anatembea na kiharusi kifuani, kimeandikwa vizuri kabisa kwenye kioo, na aliyekisoma ni yeye peke yake. Angeweza kuingia ndani na kumwambia mzee, jambo likaisha kwa dakika moja. Lakini siri ilikuwa ya bibi, na mwili ulikuwa wa bibi. Alikumbuka pia kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza mama yake kama anaparaparwa na chochote kifuani. Hata yeye, binti yake, hakuuliza.

"Sitamwambia," alisema hatimaye. "Si la kwangu kulisema. Lakini sitaondoka hapa, bibi, na nikirudi ndani nitakaa kimya, na babu si mjinga. Ataniuliza kwa nini nesi aliyekuja kumtazama yeye anamtazama mkewe. Mimi siwezi kumdanganya. Umwambie wewe."

Filomena alimtazama kwa hasira, huku kuku wakipita kati yao. Kisha akajifunga khanga upya, akaingia ndani. Tulizo alibaki mlangoni.

"Osmundi. Huyu nesi ameona kitu kwenye pete. Si chako. Changu."

Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu kabla ya mavuno."

"Na ukaivaa."

"Nikaivaa."

"Ivue."

"Osmundi—"

"Ivue, Filo. Nilikuomba uifiche hali yangu. Sikukuomba uifiche yako." Alinyoosha mkono wenye uvimbe. Mkewe alikuwa analia alipokuwa anaisukuma pete kwenye kidole kidogo cha mumewe, kwa kuwa vidole vingine vilishavimba.

*

Kioo kidogo cha Tulizo kiliwaka palepale: kirefu, kifupi, kirefu, kifupi, chini kabisa ya mstari. Daktari Kilasi alipiga kabla saa mbili hazijaisha.

"Tulizo! 207 amefanya nini? Asubuhi alikuwa imara!"

"Hakuwa imara, daktari. Ilikuwa pete ya mtu mwingine, yaani mtu mwingine ndani ya pete. Nitaandika yote. Niko naye hapa, natumia haki ya muuguzi kando ya mgonjwa."

Haki hiyo ilikuwepo kwenye kanuni, ingawa hakuna aliyekumbuka mara ya mwisho kutumika: muuguzi akiwa amekaa na mgonjwa, gari husubiri saa ishirini na nne.

"Na wengine mia tatu na kumi na mmoja wamekaa na nani?" aliuliza Kilasi.

Swali lilikuwa la haki. "Naomba Desderi wa kiti cha jirani anishikie," Tulizo alisema.

Alasiri hiyo alimtoa bibi tone la damu, akalipima, akamsajili kwa jina lake na pete ya akiba iliyokuwa mkobani. Kabla ya saa kumi na moja ndege ndogo ya dawa iliteremka kati ya mipeasi na kuacha kisanduku. Filomena alimeza kidonge cha kwanza mbele ya mumewe, ambaye alisisitiza kuona ulimi wake.

Tatizo ni kwamba sindano ya Tulizo ilifanya kazi. Mzee alikojoa sana, pumzi ikamlegea, akalala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa wiki tatu. Kulipokucha alikunywa uji bakuli zima na kumuuliza Tulizo habari za ukoo wake. Bado alikuwa chini ya mstari, na angebaki chini hadi mwisho, lakini hakuwa mtu wa kufa leo.

Gari lilifika saa nane mchana. Daktari Kilasi alishuka mwenyewe, amevaa koti zito, akiwa na wabebaji wawili na fomu. Fomu ilikuwa na swali moja ambalo muuguzi aliyepo lazima alijibu: *Je, mgonjwa anaweza kufika akiwa hai?* Ndiyo, au hapana. Jibu likiwa hapana, gari hurudi tupu.

Tulizo aliishika kalamu. Mzee alikuwa anamtazama kutoka kwenye mito yake.

"Ni neno moja tu, mwanangu," alisema kwa upole. "Herufi sita."

Alikuwa amelifikiria neno hilo tangu mzee alipomaliza uji. Lingekuwa rahisi, na hakuna pete duniani ambayo ingelipinga. Lakini jana alikuwa amemlazimisha mwanamke mgonjwa aseme ukweli uliomuuma kuliko kitu chochote, na leo hakuona angeanzia wapi kumtazama usoni.

"Siwezi, babu. Unaweza kufika. Nisamehe."

Aliweka alama kwenye *ndiyo*. Kisha, pembeni, mahali pasipo na mstari wa kuandikia, aliandika kwa herufi ndogo: *Hataki kwenda. Nimemuuliza mara tatu, jana mchana, jana jioni na leo asubuhi. Akili yake ni timamu. Anajua atakufa.* Akasaini.

Kilasi alisoma mara mbili. "Hapa pembeni si mahali pa kuandika."

"Najua. Mahali pake hapapo, daktari. Nimetafuta."

Kilasi alimvuta hadi kibarazani. "Umenifikiria mimi? Nikimwacha huyu, kesho watakuwa kumi. Keshokutwa tumerudi kulekule, watu wanakufa vitandani tukiwa tunawauliza. Wewe hasa, Tulizo. Wewe na habari ya mama yako."

"Mama angetaka kubebwa," Tulizo alisema. "Angekubali mara moja. Hakuna aliyemuuliza, na huyu naye hakuna aliyemuuliza kabla ya jana." Aliishusha sauti. "Unasema watakuwa kumi. Mimi naogopa wapo kumi sasa hivi, na pete zao ziko kwenye vidole vya wake zao na wakwe zao. Tunaangalia kioo tunaona kijani, tunafurahi. Hatujui tunamtazama nani. Na aliyejificha nyuma ya kijani hicho huenda ndiye anayeumwa. Nimempata mmoja kwa sababu nilikuwa na muda wa kutazama kilima kimoja asubuhi ya Jumatatu."

Kilasi aliingia ndani, akavua kofia, akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda. Kupitia mlangoni Tulizo alimsikia akisema, "Shikamoo, mzee. Mimi ndiye ninayetuma magari." Walizungumza kama nusu saa. Mwanzoni ni mzee tu aliyesikika, baadaye Kilasi, kisha wote wawili wakacheka jambo fulani kuhusu nguzo iliyowahi kuangukia nyumba ya padri.

Alipotoka, aliiweka fomu juu ya boneti ya gari na kuandika jina lake chini ya la Tulizo, hapo hapo pembeni. Aliwaambia wabebaji wageuze gari.

"Wakubwa watatuita," alisema.

"Watatuita," Tulizo alikubali.

Osmundi Mligo aliishi siku kumi na moja zaidi. Alikufa asubuhi, mkewe akiwa amemshika kichwa, na Tulizo aliliona wimbi likifupika hadi likawa mstari, akiwa kwenye kiti chake mjini, asiweze kufanya lolote ila kusimama. Alikuwa amesimamishwa kazi kuanzia mwisho wa mwezi. Siku hiyo ilikuwa ya tatu kabla ya mwisho.

Kamati ya nidhamu iliketi mara nne. Kilasi aliondolewa ukuu na kupelekwa kufundisha. Kabla hajaondoka alifanya jambo moja alilokuwa na mamlaka nalo bado: alituma watu wakagonge milango yote mia tatu na kumi na miwili ya orodha ya Tulizo, bila kutoa taarifa, wakatazame vidole. Pete kumi na nne zilikutwa kwa watu wasio wenyewe, zikaandikwa na kuachwa zilipo hadi kamati iamue. Wanne kati ya waliozivaa walikuwa wagonjwa na hawakujua. Karatasi hiyo ndiyo iliyowafanya wanakamati waache kuzungumza kuhusu nidhamu.

Hawakuifuta sheria ya kubeba. Waliongeza ukurasa wa kuuliza, na muda wa kuuliza usiozidi nusu saa, na wakahitaji mtu wa kuuanza milimani. Tulizo alirudishwa kazini mwezi wa pili, bila kioo, kwa pikipiki.

Nyumba ya kwanza kati ya zile kumi na nne ilikuwa Lung'ali, juu kabisa, kwa fundi cherehani mmoja mstaafu aliyekuwa akimuuguza mkewe. Alimkuta uani anaosha vyombo, pete ya mkewe ikimeta kijani ndani ya povu. Mzee huyo aliona sare yake, akautazama mkono wake mwenyewe, akauacha pale pale ndani ya maji. Hakusalimia.

"Mmekuja kumchukua," alisema.

Tulizo alivua kofia ya pikipiki, akatafuta mahali pa kukaa, akapata jiwe.

"Hapana, baba. Nimekuja kumuuliza yeye anataka nini," alisema. "Halafu nikuulize na wewe unajisikiaje."